MGB ya 1969: vizingiti vimeoza, injini imekwama. Nianzie wapi?

mtu_wa_fuoni

Assalaam alaykum wakuu. Nina MGB ya 1969, gari ndogo ya Kiingereza, ya wazi, usukani kulia, injini ya cc 1798 yenye kabureta mbili aina ya SU. Haijawashwa miaka mingi. Hali yake: vizingiti vya chini ya milango vimeoza pande zote mbili, bisibisi inapenya. Sakafu ya dereva ina tundu la kupitisha ngumi. Milango haifungi mpaka uinyanyue. Injini haizunguki hata kwa spana, breki zimeganda, umeme sijaugusa.

Pahala pa kazi ni banda la bati nyuma ya nyumba. Muda ni baada ya Alasiri mpaka Magharibi, na Jumapili kutwa. Fundi bodi mmoja anasema tukate vizingiti vyote siku moja, tutie bati jipya la geji 28, tupige rangi, tumalize. Mwengine anasema injini kwanza. Nimfuate nani? Na spea zipi zinapatikana hapa au Dar, zipi lazima ziagizwe?

Chuma_na_Chumvi

Wa alaykumu ssalaam. Huyo wa kukata vyote siku moja mpe chai, umuage.

MGB haina chesisi ya kujitegemea, bodi yenyewe ndiyo chesisi. Na yako kwa kuwa haina paa, sehemu kubwa ya mzigo baina ya mbele na nyuma inabebwa na vizingiti. Kila kizingiti ni mabati kadhaa, si moja: la nje unaloliona, la ndani linaloshikana na sakafu, na la chini linalofunga sanduku. Nguvu iko kwenye sanduku, si kwenye bati. Ukibandika la nje tu juu ya kutu, gari itapendeza kwa picha, ndani inaendelea kuliwa.

Kuhusu milango: ufungue, ushike ncha yake, unyanyue. Mlango ukicheza kwenye bawaba, pini zimelika, hilo dogo. Usipocheza, gari imeshalala katikati. Hapo ukichomelea vizingiti vipya kabla ya kuinyoosha, umeufunga ule mlalo ndani ya gari milele.

Kwa hivyo usishike grinda kwanza, shika pima maji. Weka stendi chini ya kiunzi cha mbele kinachobeba magurudumu na chini ya aksli ya nyuma, mpaka kushoto na kulia viwe sawa. Chini ya katikati weka jeki na ubao mpana, upandishe kidogo kidogo huku ukitazama mwanya wa nyuma ya mlango, mpaka juu na chini vilingane, kama mm 4 hadi 5. Hapo ndipo unachomelea bomba la mraba la mm 25 kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, pamoja na mshazari mmoja, pande zote mbili. Lipitishe kwa ndani ili mlango uendelee kufunga, maana mlango ndio kipimo chako. Ukiung'oa ukauweka stoo utakuwa unafanya kazi kwa kubahatisha.

Kata upande mmoja tu. Umalize mpaka weldi ya mwisho, funga mlango, pima tena, ndipo uhamie wa pili.

Bati la geji 28 ni la kuezekea, kama mm 0.4, tena lina zinki. Halibebi kitu, na moshi wa zinki ukiuvuta utalala na homa. Nunua shiti nyeusi: mm 1.2 kwa vizingiti, mm 1.0 kwa sakafu. Tumia mashine ya waya na gesi, waya wa mm 0.6 au 0.8. Fimbo za kawaida za weldi kwenye bati la mm 1 zinatoboa tu. Pale kiwandani palipokuwa na nukta za weldi, toboa matundu ya mm 6 kila baada ya sm 3, uyajaze. Kwenye ungio refu piga nukta, ruka, piga kwengine, kisha urudi; ukivuta mstari mmoja bati linajikunja. Na kusi likivuma ziba banda kwa turubai, kwani upepo ukichukua gesi weldi inatoka na vitundu kama kibibi.

Gonga pia mabano ya mbele ya springi za nyuma, na visanduku vya betri nyuma ya viti. Gari hiyo ilitoka na betri mbili za volti 6, na asidi yao imeshatoboa sakafu nyingi.

Pemba_18GG

Naungana na hapo juu, bodi kwanza. Lakini leo hii injini ianze kunywa dawa, kwa sababu dawa inataka siku.

Toa plagi nne. Changanya asetoni na mafuta mekundu ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu. Tikisa kila unapomimina, havikai pamoja. Vijiko viwili vya chakula kila silinda, uache siku tatu, urudie. Mbali na moto, asetoni inadaka haraka. Baada ya wiki moja au mbili jaribu kwa spana kwenye bolti ya puli ya kranki, mbele kidogo, nyuma kidogo. Usitumie stata na usivute gari ikiwa kwenye gia: ringi iliyoshika kutu inakwangua silinda, na rodi inaweza kupinda.

Isipolegea, fungua silinda hedi. Mwaga maji ya rejeta kabla hujalegeza nati yoyote juu, kwa sababu roka na hedi zinashirikiana stadi (bolti zisizo na kichwa). Watu wanatoa roka tu kurekebisha valvu, maji yanapenya kwenye gasketi, halafu wanalaumu gasketi. Kurudisha: nati 11, kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu, mwisho futi-pauni 45 hadi 50 (kama Nm 61 hadi 68). Hedi ikiwa nje, itie viti vigumu vya valvu za ekzosi. Hedi hii iliundwa zama za petroli yenye risasi, na petroli ya leo ikiendeshwa kwa kasi ndefu inavila viti vya zamani taratibu.

Mwanya wa valvu ni inchi 0.015 (mm 0.38), injini baridi. Hesabu ya tisa inakusaidia: valvu ya 1 ikiwa imefunguka kabisa, pima ya 8, ya 3 ikifunguka, pima ya 6, jumla iwe tisa daima. Pointi za distribyuta pia inchi 0.015, plagi inchi 0.025, mpangilio wa moto 1-3-4-2.

Kabureta: pandisha jeti mpaka ilingane na daraja (ukingo ulio ndani ya koo la kabureta), ishushe mizunguko miwili kamili, anzia hapo. Injini ikishapata moto nyanyua pistoni ya kabureta kama mm 1. Mzunguko ukipanda na kubaki juu, mafuta mengi, ukizimika, machache, ukipanda kidogo kisha ukatulia, umepatia.

Rejeta usiitie maji ya kisima. Visima vyetu vina chokaa, na vya karibu na pwani vina chumvi juu yake. Tia maji ya mvua safi au ya betri, pamoja na kulanti (dawa ya rejeta).

Waya_Mweusi

Breki na umeme kwa ufupi.

Paipu za breki badilisha zote, usichague. Tia za mchanganyiko wa shaba na nikeli, inchi 3/16. Fundi friji atakuuzia ya shaba tupu na itakunjika vizuri sana, ikataliwe. Inachoka kwa mtikisiko, inapasuka siku unayoihitaji. Raba za silinda zote mpya, mafuta ya breki ya DOT 4, na kwa unyevu wa kwetu yabadilishwe kila mwaka.

Umeme: ya 1969 hasi ndiyo ethi, yaani ndiyo inayofungwa kwenye bodi, lakini hakikisha kabla ya kufunga betri, kwani za kabla ya mwishoni mwa 1967 zilikuwa kinyume na altaneta haisamehi. Waya wa kahawia una moto muda wote, mweupe unapata moto ukifungua swichi, kijani unapitia fyuzi baada ya swichi, mweusi ni ethi. Kabla ya kulaumu taa, kwangua kila mahali waya mweusi unapogusa bodi. Nusu ya matatizo yako pale.

Nati na bolti ni za inchi. Spana 13 inakaa kwenye 1/2, na 11 inakaa kwenye 7/16, lakini 14 haiingii kwenye 9/16 na 15 inakula pembe. Nunua seti ya inchi. Hatari zaidi ni bolti ya mm 8 kwenye tundu la 5/16: unene karibu sawa, meno tofauti. Inaingia mizunguko miwili, unadhani imebana, kumbe imekata uzi.

Spea: beringi, hozi, mikanda, oili 20W-50, betri na plagi utapata Dar, Kariakoo na Gerezani, ukienda na kipande cha zamani mkononi. Kusaga kranki na kutoboa silinda pia huko. Vizingiti, gasketi, raba za breki, jeti na sindano za SU agiza Uingereza. MGB zaidi ya nusu milioni ziliundwa baina ya 1962 na 1980, na paneli mpya bado zinatengenezwa kwa kalibu za kiwandani. Agiza vizingiti kabla ya kukata.

mtu_wa_fuoni

Shukran sana. Pima maji imeshanunuliwa. Jambo moja: bati jipya nikilisafisha jioni, asubuhi limeshageuka rangi ya chungwa. Nizuie vipi? Nimeambiwa nipake oili chafu.

Chuma_na_Chumvi

Hiyo ni chumvi na umande, si kosa lako. Oili chafu usipake unapotaka kupiga rangi, haitashika, na inalainisha raba. Sifa (mafuta ya papa) nayo waachie wenye majahazi, yakhe.

Safisha kiasi unachoweza kufunika siku ileile. Osha kwa maji baridi, kausha, pitisha msasa 80, futa kwa thina, kisha epoksi praima ya sehemu mbili. Praima ya kopo moja inapitisha unyevu. Pati iwe juu ya epoksi, isiguse chuma kitupu, maana inanyonya maji kama sifongo.

Rangi ya mwisho usipige jioni. Unyevu unaongezeka jua likizama na rangi inapauka weupe. Chukua Jumapili, baina ya saa tatu asubuhi na saa nane, Juni hadi Septemba au Januari na Februari, masika usithubutu. Kompresa imwage maji chini kila unapoanza, na tena katikati ya kazi.

Vizingiti vikishapigwa rangi, ingiza nta ya ndani kwa mrija kupitia matundu ya juu, na hakikisha vijitundu vya chini vya kutolea maji viko wazi. Mafundi wengi wanaviziba kwa pati wakidhani ni kasoro.