Je, mlinzi wa bandari ana haki ya kumfungia mtu depo?

Mlinda Lango: Ndugu zangu, huu ni mwezi wangu wa pili nikilinda bandari moja ya binafsi hapa Bukavu, Kongo, zinapotia nanga boti za Idjwi na Goma. Juzi jioni nilimkamata kijana akitoboa gunia la maharage kwa kipande cha bomba, huku akikinga kwa kofia yake. Mkuu wangu aliniamuru nimfungie depo hadi asubuhi na kuishika simu yake iwe dhamana. Nilitii, lakini usiku kucha nilimsikia akikohoa nyuma ya mlango wa bati. Kulipokucha mama yake aliniuliza ni sheria gani iliyonipa ufunguo ule, nikakosa la kusema.

Papa Mstaafu: Mwanangu, kumkamata hukukosea. Kifungu cha 6 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, ya tarehe 6 Agosti 1959, kinamruhusu mtu yeyote kumshika anayefumaniwa akitenda kosa la kifungo cha miaka 3 au zaidi, ikiwa hapo hakuna OPJ (ofisa wa polisi wa upelelezi) wala mwendesha mashtaka, mradi amfikishe mara moja kwa OPJ au mwendesha mashtaka aliye karibu. Haki hiyo hukupewa na sare. Hata mchuuzi wa sambaza, vile visamaki vya ziwani, anayo. Kosa lilianza ulipofunga mlango. Zile saa 48 za Katiba, kifungu cha 18, ni za vyombo vya dola, si za depo ya tajiri, na kifungu cha 67 cha sheria ya adhabu kinampa anayemzuilia mtu kiholela mwaka 1 hadi 5. Simu nayo irudishe leo.

Mama Magunia: Na kupekua mizigo je? Walinzi wanatufungulia mifuko kama watu wa forodha!

Papa Mstaafu: Mama, mlinzi anaweza kukuomba ufungue, na ukikataa akuzuie kuingia kwa niaba ya mwenye uwanja, lakini kupekua kwa nguvu na kutwaa mali si kazi yake. Forodha ni ya DGDA, idara ya serikali ya ushuru wa forodha.

Kijana wa Kadutu: Nadharia nzuri, Papa, ila mkuu akisema funga, na mlinzi ana watoto wa kulisha, afanyeje?

Papa Mstaafu: Aombe amri hiyo kwa maandishi. Wakubwa wengi hapo hukumbuka ghafla njia ya kituo cha polisi.

Mlinda Lango: Asante, Papa. Simu nimeirudisha. Katika daftari la zamu nimeandika saa niliyomshika, saa niliyomfungia, na jina la aliyeniamuru.