Bud Spencer kasemewa na mtu mwingine: sifa ni za nani?

Wadau, kila Bud Spencer, yule mbabe wa filamu za Kiitaliano, anapotajwa hakosi mtu wa kusema kwamba yule hakuwa mwigizaji, maana hata sauti haikuwa yake. La sauti ni kweli. Jina lake halisi ni Carlo Pedersoli, mzaliwa wa Napoli, 1929, na lafudhi ya kwao ilionekana haimfai mbabe wa filamu za kikauboi. Kwa hiyo filamu zake nyingi za Kiitaliano alisemewa, yaani sauti iliwekwa na mtu mwingine, Glauco Onorato, na mwenzake Terence Hill akasemewa na Pino Locchi. Enzi hizo Italia ndio ulikuwa utaratibu: picha zinapigwa kwanza, sauti zinaingizwa baadaye studio.

Msimamo wangu: uigizaji ni wa Pedersoli, ila jina la Onorato lilistahili kuwa kwenye bango, karibu na lake.

Pedersoli alikuja na mwili uliofunzwa. Mwaka 1950 alikuwa Mwitaliano wa kwanza kuogelea mita 100 mtindo huru chini ya dakika moja, kisha akashiriki Olimpiki za Helsinki 1952 na Melbourne 1956. Itazameni ile filamu ya 1974 ya kigari chekundu, Watch Out, We're Mad. Yumo ndani ya kwaya, muuaji kajificha anamlenga bunduki, naye anaendelea kuitikia besi kama kawaida. Macho tu ndiyo yanahangaika. Ukizima sauti kabisa, bado utacheka. Hata ngumi yake ya kushuka utosini, ile ya juu kwenda chini, ina utulivu wake: hakurupuki, anampa adui muda wa kuiona inakuja.

Lakini akifungua mdomo, ule mngurumo unaotufanya tuamini kwamba kachoka kuvumilia ni kazi ya Onorato. Karibuni.

Mchangiaji: Mkuu, hapo sikubaliani nawe. Msemaji alilipwa ujira wake, yakaisha. Tukianza na yeye, kesho fundi taa naye atadai bango. Halafu Ujerumani walimsemea watu wengine kabisa, na Wajerumani wakampenda kupindukia. Maana yake watu walimfuata Bud, sauti ilikuwa nyongeza.

Mwanzisha mada: Ndugu, huo mfano wa Ujerumani unanisaidia mimi. Kule Rainer Brandt, mwandishi wa mazungumzo ya Kijerumani ya filamu hizo, na wenzake waliyaandika upya, wakachomeka utani ambao kwenye Kiitaliano haupo. Bud wa Wajerumani ana maneno mengi kuliko wa Waitaliano. Taa za filamu ni zilezile kila nchi. Msemaji akibadilika, mhusika naye anabadilika.

Na sisi huku tunalijua hili vizuri. Vibanda vya video Dar es Salaam vilijaa kwa sababu ya Lufufu, aliyetafsiri filamu za nje kwa Kiswahili, na Kenya msimulizi wa filamu DJ Afro ana mashabiki wake mwenyewe, mbali na mashabiki wa waigizaji anaowasimulia. Mtu anauliza kwanza nani katafsiri, ndipo anatoa hela. Sijaona mwigizaji aliyepungukiwa heshima kwa ajili hiyo.

Kama kuna aliyewahi kumsikia Pedersoli akiongea kwa sauti yake mwenyewe, kwenye mahojiano au popote, atuambie: alimwona Bud yuleyule?