Nextcloud: nataka makarani waingie kwa akaunti za mfumo wetu wa MySQL, inawezekana?

karani_mkuu_mtwara
Wakuu habari za jioni. Niko Mtwara mjini, naangalia kompyuta za ofisi moja inayofanya kazi na vyama vya msingi vya korosho. Tuna mfumo wetu wa siku nyingi, PHP na MySQL, karani yeyote akianza kazi anaandikishwa humo, awe Newala, Tandahimba au Masasi. Juzi tumefunga Nextcloud (programu ya kuhifadhi na kushea mafaili) kwenye seva yetu wenyewe ili picha za stakabadhi na karatasi za mizani ziache kuzagaa WhatsApp. Sasa kasheshe ni akaunti, Oktoba minada ikianza makarani wa muda wanamiminika, kila mmoja umwandikishe kwenye mfumo halafu umwandikishe tena Nextcloud, wawe na paswedi mbili ambazo wanazichanganya, na msimu ukiisha mtu anatolewa kule huku bado anadunda. Nataka Nextcloud iwe inauliza databezi yetu tu. Inawezekana bila kuandika programu mpya? Maana bosi hataki kusikia habari ya gharama.

fundi_wa_shangani
Inawezekana mkuu, tena bure. Kuna apu inaitwa User Backend SQL Raw, ipo kwenye duka la apu la humohumo Nextcloud. Haina ukurasa wa kubofyabofya, kila kitu unaandika kwenye config.php, faili la mipangilio ya Nextcloud: anwani ya databezi, yuza na paswedi yake, halafu swali la SQL kwa kila kazi. Swali la kuleta hashi ya paswedi (paswedi iliyogeuzwa isisomeke) ni `get_password_hash_for_user`, la kujua kama mtu yupo ni `user_exists`, na mengine. Ukiacha kuandika lile la kubadili paswedi basi karani hataweza kuibadilisha akiwa Nextcloud, ataenda kwenye mfumo wenu, na mi naona ndiyo vizuri. Angalizo, mifano mingi utakayokutana nayo imeandikwa kwa PostgreSQL, databezi ya aina nyingine, ina ILIKE, MySQL haiijui hiyo, weka LIKE.

dada_wa_seva
Kabla hujagusa config.php kaka, niambie paswedi kwenye tebo yenu zimehifadhiwaje. Zikianza na $2y$ au $6$ uko salama, apu itazisoma. Kama ni herufi na namba 32 tupu hiyo ni MD5 ya kizamani, haitakubali, na hata ingekubali nisingekushauri uiachie, inavunjika kirahisi mno.

karani_mkuu_mtwara
Dada umenigusa penyewe. Nimefungua tebo sasa hivi, ni zilezile 32. Aliyeujenga mfumo alishahama mji kitambo.

dada_wa_seva
Basi anzia hapo. Kwenye ukurasa wenu wa kuingia, mtu akiandika paswedi na MD5 ikalingana, palepale mfumo uichukue ile paswedi uipitishe kwenye `password_hash()` uhifadhi hashi mpya. Baada ya wiki mbili tatu wanaoingia mara kwa mara wote wamehama wenyewe bila kujua, waliobaki unawapa paswedi mpya. ILA angalia upana wa safu, nina uhakika ni VARCHAR(32) hiyo. Hashi ya bcrypt, hiyo mpya inayoanza na $2y$, ina herufi 60, na MySQL ikiwa haijawekwa kwenye hali kali (strict mode) itaikata kimya kimya bila kulalamika, kesho yake ofisi nzima iko nje. Ipanue iwe 255 kwanza.

mzee_wa_mikindani
Vijana mnakwenda vizuri ila hamjasema la msingi. Msiipe Nextcloud ufunguo wa databezi nzima, humo mna malipo ya wakulima. Mtengenezee VIEW, yaani dirisha la kuonyesha sehemu tu ya tebo, yenye vitu vitatu tu:

`CREATE VIEW makarani_nc AS SELECT jina, hashi, jina_kamili FROM watumishi WHERE hali = 'kazini';`

Kisha yuza wa Nextcloud apewe SELECT kwenye hiyo VIEW peke yake, basi. Seva ya Nextcloud ikija kudukuliwa, mwizi ataona majina na hashi, malipo hayaoni. Na uzuri wa hilo sharti la mwisho, karani akimaliza msimu mnabadili hali yake kwenye mfumo, huku anakuwa hayupo. Mafaili yake hayafutiki, yanabaki kwenye folda ya data, lakini alivyokuwa amewashea wenzake vitasumbua, kwa hiyo stakabadhi zote ziwekwe kwenye Group folders (folda za kundi, siku hizi zinaitwa Team folders), zisiwe mali ya mtu.

Na kama databezi iko seva nyingine, bandari 3306 isiachwe wazi kwenye intaneti hata kwa saa moja, pitisheni kwenye WireGuard (VPN, njia ya siri kati ya seva).

bytes_za_lindi
Mimi ningewaambia wekeni LDAP au Keycloak, mifumo maalumu ya kutunza akaunti za watu sehemu moja, hizi za kuchokonoa SQL ni kiraka.

mzee_wa_mikindani
Kwa ofisi yenye mifumo sita sawa, bytes. Huyu ana mifumo miwili na fundi mmoja ambaye ni yeye, Keycloak ni mfumo mwingine wa kulisha na kuogesha.

karani_mkuu_mtwara
Shukrani sana mzee wangu. Nimejaribu kwa karani mmoja wa Newala aliyekubali, hashi imebadilika, ameingia. Ila akaunti zile nilizomtengenezea Nextcloud mwanzo bado zinakubali paswedi ya zamani, nizifanye nini? Nizifute na `occ user:delete`?

fundi_wa_shangani
USIFUTE mkuu!! Hiyo amri inaondoka na mafaili yake. Nextcloud inaangalia kwanza yuza wake wa ndani ndiyo maana. Chukua bakapu ya databezi na folda ya data, halafu futa mstari wake kwenye tebo ya `oc_users` tu, jina likiwa lilelile hadi herufi kubwa na ndogo atakuta vitu vyake palepale. Hiyo ya herufi iwekee `WHERE BINARY jina = :username` kwenye maswali yako ya SQL, maana MySQL kwa kawaida haitofautishi Asha na asha, kwetu mtu mmoja alijikuta na folda mbili. Na akaunti yako ya admini iache ya ndani, databezi ikilala na umeme wetu huu utaingilia wapi?

karani_mkuu_mtwara
Nimekupata. Bakapu inaenda kwenye diski ya nje sasa hivi, oc_users naigusa Jumamosi ofisi ikiwa tupu.