Studio imewasha taa vibaya, mtangazaji anaambiwa uso wake ndio mbaya

Wanajukwaa, salaam. Wakubwa zangu, shikamooni.

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Nimetangaza kipindi cha asubuhi kwa miaka 2 katika kituo kimoja cha televisheni hapa Arusha, baada ya miaka 9 ya redio kule Moshi. Mwezi uliopita mkuu wa vipindi aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia kwamba ninaondolewa mbele ya kamera na kuhamishiwa kwenye uandishi wa habari za wengine, kwa sababu "sing'ai kwenye kioo". Nilipomwomba anieleze maana ya kung'aa, alijibu kwamba sura yangu inazama, kwamba mtazamaji wa leo anataka mtu wa kumvutia kabla hajafungua mdomo, na kwamba nikiwa tayari "kujitengeneza kidogo" tutazungumza tena baada ya miezi 3. Kila mwanamke anayesoma hapa anajua kujitengeneza huko ni nini. Nilikuwa ninaelekezwa kwenye mkorogo.

Nianze na huko kuzama, maana ndiko uongo mkubwa ulikojificha. Ukuta wa nyuma wa studio yetu ni mweupe, una skrini 2 kubwa zinazowaka muda wote, na juu yake zimefungwa taa za kumulika nembo ya kituo. Kamera imeachwa ijipimie mwanga yenyewe. Kamera iliyoachwa hivyo haijui kwamba kilicho muhimu katika picha ni uso wa mtu; inapima mwanga wote ulio mbele yake, inakuta ukuta unawaka, na inabana tundu la lenzi ili ukuta usiunguze picha. Ukuta unatoka vizuri sana, na mtu mweusi aliyeketi mbele yake anageuka kivuli. Aliye maji ya kunde akiketi pale pale anaharibiwa pia, ila rangi yake inamwokoa kidogo, na juu ya tofauti hiyo ndogo, iliyotengenezwa na taa, mkuu wa vipindi amejenga imani nzima kuhusu nani amezaliwa na mvuto na nani hakuzaliwa nao.

Dawa yake inajulikana. Taa kuu inawekwa upande mmoja, juu kidogo ya macho. Ya pili, dhaifu zaidi, inajazia vivuli upande wa pili. Ya tatu inatoka nyuma na kuchora mabega na nywele ili mtu asimezwe na ukuta. Ngozi nyeusi inahitaji mwanga mpana uliolainishwa kwa kitambaa, kwa sababu uzuri wake unaonekana pale inapourudisha mwanga taratibu, wala si pale inapomwagiwa mwanga mkali hadi jasho lianze kumeta. Kisha taa za ukuta zinapunguzwa, na kamera inapimwa kwa mkono, ikilenga uso. Jumamosi moja, wiki chache kabla sijaondolewa, mimi na kijana wa kamera tulifika studio saa 12 asubuhi, tukazima taa 2 za ukutani, tukatundika shuka jeupe nililolitoa nyumbani mbele ya taa kuu, tukarekodi dakika 6. Nilipojitazama kwenye chumba cha kurekodia nilinyamaza. Nilionekana kama ninavyoonekana nikiwa nimekaa barazani kwa mama yangu, Kibosho, saa 10 jioni. Mkuu wa vipindi alipoonyeshwa kipande kile aliuliza kamera mpya imenunuliwa lini. Kamera ilikuwa ile ile.

Ugonjwa huu ni mkongwe kuliko studio yetu. Kwa miongo kadhaa kampuni ya Kodak ya Marekani ilizipa maabara za picha kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, iliyokuja kuitwa Shirley, ili mafundi wapimie rangi kwa ngozi yake. Filamu iliyompendeza yeye iliwafanya weusi waonekane kama wamepakwa masizi. Miongoni mwa waliolalamika hadi marekebisho yakafanyika walikuwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, ambao walitaka wanunuzi waone tofauti kati ya mbao na mbao, na kati ya chokoleti nyeusi na ya maziwa. Inaniuma kila ninapolikumbuka jambo hili, kwamba meza na pipi ziliweza kudai haki ya kuonekana kwa rangi yake halisi wakati mwanadamu alikuwa bado anaambiwa tatizo ni yeye.

Nisidanganye kwamba sura haina kazi kwenye televisheni. Ina kazi. Nguo yenye mistari myembamba inatetemeka kwenye picha, nguo ya kijani mbele ya pazia la kijani, lile ambalo mitambo hulifuta ili kuweka picha nyingine, inatoweka pamoja na kiwiliwili, na poda isiyolingana na ngozi inamfanya mtu aonekane mgonjwa. Hayo yote nimejifunza, na nimeyalipia mwenyewe, kwa kuwa mpambaji wa kituo hakuwa na poda ya rangi yangu hata siku moja katika miaka 2. Mwenzangu wa kiume anazungusha suti 3 na hakuna aliyewahi kumwita ofisini. Huko Australia mtangazaji wa asubuhi, Karl Stefanovic, alivaa suti ile ile ya bluu karibu kila siku kwa mwaka mzima, akaja kulisema hadharani mwaka 2014 kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameligundua, wakati mwenzake wa kike, Lisa Wilkinson, aliyeketi naye meza moja, alikuwa akipokea malalamiko kuhusu mavazi yake. Mimi sikuhitaji kusafiri hadi Australia kuliona hilo.

Mwaka jana tuliletewa mkufunzi wa siku moja, akaandika ubaoni namba 7, 38 na 55. Alisema maneno ya mtangazaji yana uzito wa asilimia 7, sauti asilimia 38, na mwonekano asilimia 55, na kwamba hiyo ni sayansi. Kuanzia wiki ile muda wetu wa kupitia habari kabla ya kuingia hewani ulipunguzwa kutoka dakika 40 hadi 15, na muda uliobaki ukapelekwa kwenye vipodozi. Nilizitafuta namba hizo zilikotoka. Zinatokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian, yaliyochapishwa mwaka 1967, ambayo yalihusu jambo dogo tu: mtu anaposema neno moja huku sauti yake na uso wake vikipingana nalo, msikilizaji huamuaje kama anapendwa au anachukiwa. Mehrabian mwenyewe amekwisha kueleza kwamba namba zake hazihusu mazungumzo yote ya wanadamu. Anayewaeleza wakulima wa Machame kwamba bei ya kahawa imebadilika hawezi kuambiwa kwamba alichokisema ni asilimia 7 ya alichokifanya. Mkufunzi alilipwa, akaondoka, na sisi tukabaki tunasoma habari ambazo hatukuzipitia.

Matokeo yake yanaonekana machoni, kwa maana halisi. Prompta ni kioo kilicholazwa mbele ya lenzi ili msomaji aone maneno na mtazamaji aone macho. Studio yetu ni finyu, kamera iko karibu mno, na maandishi yamejazwa upana wote wa kioo, kwa hiyo mboni za msomaji zinakimbia kushoto na kulia kama za mtu anayesema uongo. Kiswahili nacho kina maneno marefu. Neno kama "watakaosimamishwa" linakula karibu mstari mzima. Niliomba zaidi ya mara 5 kwamba maandishi yabanwe katikati na kamera irudishwe nyuma hatua 2, nikajibiwa kwamba ninapenda kuwafundisha watu kazi. Kisha likaja lalamiko kutoka juu kwamba mtangazaji huyu hawaangalii watazamaji.

Na watazamaji ndio ninaotaka kuwazungumzia kwa kirefu zaidi, kwa sababu wao ndio wanaosingiziwa. Mwaka 1956 wataalamu 2 wa Marekani, Donald Horton na R. Richard Wohl, walieleza jinsi mtu anayetazamwa nyumbani mara kwa mara, anayezungumza akiilenga lenzi kana kwamba anaongea na mtu mmoja, anavyogeuka kuwa mtu wa karibu kwa mtazamaji ambaye hajawahi kukutana naye. Ukaribu huo unajengwa na kujirudia: saa ile ile, sauti ile ile, salamu ile ile, na uhakika kwamba mtu huyu hatageuka kesho akawa mwingine. Haununuliwi kwa siku moja. Asubuhi moja nilikohoa hewani mara 2, nikaomba radhi, nikaendelea. Jumapili yake, katika soko la Mbuyuni mjini Moshi, mama mmoja anayeuza ndizi aliniita kutoka upande wa pili wa njia, "Mwanangu, kile kikohozi kimepona?" Hakuniuliza ngozi yangu. Hakuniuliza wafuasi wangu mtandaoni. Nilipoondolewa, kituo hakikusema neno hata moja kwa watu kama yeye; Alhamisi nilikuwepo, Ijumaa sikuwepo, na salamu zikaendelea kana kwamba sikuwahi kuzaliwa. Mama yule aliponiona tena alinishika mikono yote miwili akanipa pole. Alidhani nimefiwa.

Aliyeketishwa kwenye kiti changu ni binti wa miaka 23 mwenye wafuasi wengi mtandaoni. Wanajukwaa, nawaomba asitukanwe mtu yeyote hapa kwa ajili yangu, kwa kuwa binti huyo sina ugomvi naye. Wiki ya pili ya kazi yake alikuja nyumbani kwangu Sakina akaniambia, "Dada, naomba unifundishe kusoma, kwa sababu wameniambia nitabasamu tu na mengine yatakuja." Tulikaa hadi saa 3 usiku. Nilimwonyesha mahali pa kuvuta pumzi katika sentensi ndefu, jinsi ya kuipitia habari kwa sauti mara 2 kabla ya kuisoma, na jinsi ya kuwaamkia wazee bila kukimbia. Ana akili na ana sauti nzuri ambayo hakuna aliyeitafuta. Alipofuta poda niliona ngozi ya taya yake imeungua, nyekundu, na chini ya sikio imeanza kuwa nyeusi kwa mabaka. Aliniuliza kama yale yanatoka. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kuchubua ngozi, vimepigwa marufuku nchini, zebaki inajulikana kwa kuharibu figo, na bado katika jengo lenye leseni ya kuuhabarisha umma mtoto wa watu anahimizwa kwa mafumbo apake. Hapo ndipo niliposema jambo hili litaandikwa.

Najua wapo watakaosema televisheni ni biashara na mwenye mali ana haki ya kuchagua. Mwaka 1983 mtangazaji wa Kansas City huko Marekani, Christine Craft, alikishtaki kituo chake kwa kumtoa kwenye kiti akiambiwa kwamba ni mzee, si mrembo wa kutosha na hawanyenyekei wanaume. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa ushindi mara 2, lakini wa kwanza ulitenguliwa na jaji wa kesi hiyo na wa pili ukatenguliwa na mahakama ya rufaa. Alishindwa mwishowe, nami sifichi hilo. Lakini sheria yetu imeandikwa kwa wino mwingine: kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kazini, na miongoni mwa mambo yaliyotajwa humo kwa jina ni rangi, jinsia na umri.

Muda wa kupeleka mgogoro wa namna hii Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ni siku 60, na leo ni siku ya 41. Barua nimeshaiandika. Kijana wa kamera amekubali kuja kueleza ni taa zipi tulizozima na shuka lilitundikwa wapi, na kipande cha dakika 6 ninacho. Kama kuna fundi wa taa au wa kamera hapa jukwaani, wa Arusha au wa Moshi, aliye tayari kukitazama na kuandika kwa maneno ya kitaalamu anachokiona, namwomba anitafute kabla ya Jumatatu.