Mrejesho: MRI ya ubongo wa dada yangu

Assalaam aleikum. Mwezi uliopita niliwauliza: dada yangu kafifia jicho la kushoto, miguu yafa ganzi, apigwe MRI (picha ya ndani ya mwili kwa mashine ya sumaku) au tungoje? Tulipiga, hapa hapa Mombasa. Alilala ndani ya mashine karibu saa nzima, ikigonga kama fundi wa mabati. Katikati walimtoa wakamdunga dawa ya kung'arisha picha.

Daktari wa neva alituonyesha kwenye skrini. Madoa meupe, mengine yamesimama kama vidole kando ya vyumba vya maji vya ubongo. Moja liling'aa kwa ile dawa, mengine hayakung'aa. Lililong'aa ni jipya, mengine ya zamani. Yaani ugonjwa umepiga mahali tofauti, nyakati tofauti, na picha ya siku moja imeyaonyesha yote. Ni maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili yenyewe hushambulia neva za ubongo na uti wa mgongo.

Lakini msimhukumu mtu kwa madoa tu, maana kipandauso na presha pia huyaleta. Alipimwa damu na maji ya uti wa mgongo kwanza.

Mama alilia sana. Dada alisema afadhali kujua. Jana kivukoni Likoni alifunika jicho la kulia, lile lisilougua, akasoma maandishi ya feri kwa lile la kushoto. Ahsanteni mliotuhimiza.