Injini ya boti inavuja oili chini, mafundi wa ziwani naombeni msaada

Mwana Kibirizi
Habari za jioni wakuu. Niko Kibirizi, Kigoma. Nina mtumbwi wa kubeba dagaa na abiria wachache wa vijiji vya kaskazini, nauendesha na injini ya horsepawa 40, tustroki, ile ya kuchanganya oili na petroli. Niliinunua mkononi kwa mtu na umri wake ni mkubwa, lakini nguvu bado inayo.

Wiki ya pili sasa, nikiinua mguu wa injini baada ya safari, asubuhi nakuta doa jeusi mchangani chini ya propela. Ikiwa majini, yanatandaa marangirangi juu ya maji. Juzi mama mmoja aliyekuwa anaosha sufuria pale akaniita, akanionyesha utando wa mafuta kwenye sufuria ya ugali. Hakunigombeza, ila niliumia sana.

Fundi wa kwanza alifungua kichwa cha injini, akabadili gasketi, akachukua elfu themanini. Doa liko palepale. Sasa anataka tushushe injini yote, tuifungue vipande vipande. Mbalamwezi imeanza, dagaa hawavuliwi, nina siku chache kabla watu hawajarudi kuvua. Nianzie wapi?

Fundi Katonga
Pole sana kaka. Usikubali kuifungua injini yote. Jua kwanza oili inayovuja ni ipi, kwa sababu mashine yako ina oili mbili zisizokutana. Kuna unayochanganya na petroli, hiyo inaungua juu pamoja na mafuta na mabaki yake yanatoka na moshi. Na moshi wa injini nyingi za aina hiyo unapita katikati ya propela. Ukiinua mguu, mabaki yanachuruzika hapohapo na mtu anadhani gia boksi imepasuka. Ya pili ni oili ya gia, namba 90, imefungiwa chini kwenye mguu na haitakiwi kutoka hata tone.

Zishike kwa vidole. Ya moshi ni nyeusi, nyepesi, inanuka petroli. Ya gia ni nzito, inavutika ukitenganisha vidole, na ina harufu kali kama ya kiberiti. Halafu niambie, unachanganya kiasi gani kwenye dumu la lita 20?

Mwana Kibirizi
Chupa mbili za nusu lita. Aliyeniuzia aliniambia ukizidisha oili ndiyo unailinda mashine.

Fundi Katonga
Hapo umeweka lita nzima kwa lita 20, yaani 20 kwa 1. Nyingi za rika hilo zinataka 50 kwa 1, sawa na mililita 400 tu. Angalia kibandiko cha injini yako au kitabu chake ujiridhishe, maana zipo zenye kipimo kingine. Oili ikizidi haiungui yote. Inachafua plagi, inaleta moshi mwingi, na inayobaki inadondoka mchangani kwako. Naamini sehemu ya lile doa ni hiyo.

Leo usiku fanya hivi. Osha mguu wote kwa petroli kidogo na brashi, ukiwa mbali na jiko na sigara, na yanayochuruzika uyakinge kwenye beseni. Futa mpaka ukauke. Simamisha injini kwenye stendi, tandika boksi jeupe chini, uache mpaka asubuhi. Usiiwashe.

Mwana Kibirizi
Nimerudi. Madoa ni mawili! Moja dogo, jeusi, limeenea. Jingine limetokea kwenye shafti ya propela, zito, rangi ya chai ya maziwa.

Fundi Katonga
Hiyo chai ya maziwa ndiyo ugonjwa wenyewe. Oili ya gia imechanganyika na maji. Panapotoka oili ndipo maji yanapoingilia, na maji yakikaa yanakula beringi na meno ya gia. Usiingie nayo ziwani.

Mzee wa Ujiji
Vijana, sisi tulikuwa tunashindilia grisi kwenye gia boksi, mvujo unakwisha. Grisi hailiwi na maji. Kumbukeni meli ya Liemba ya ziwa letu hili Tanganyika: Wajerumani waliizamisha mwaka 1916 mitambo yake ikiwa imepakwa grisi nzito, ikaibuliwa 1924 mashine bado nzima, na 1927 ikarudi kazini.

Fundi Katonga
Shikamoo mzee. Habari ya Liemba ni kweli kabisa, na mimi naipenda. Lakini ile mitambo ilikuwa imelala. Grisi iliizuia kutu tu, haikuwa na gia ya kuilainisha. Gia boksi ya injini hizi inategemea oili inayotiririka mpaka kwenye beringi ya juu. Grisi inasukumwa pembeni na meno, inabaki hukohuko, na katikati chuma kinasagana na chuma. Nimefungua miguu miwili iliyojazwa grisi, yote meno yalikuwa ya bluu kwa joto.

Mzee wa Ujiji
Marahaba. Kama ni suala la kutiririka, nimekuelewa. Mweleze kijana.

Fundi Katonga
Kaka, mwaga oili yote: fungua skrubu ya chini, kisha ya juu. Kabla ya kubomoa chochote, pima upepo. Tafuta boliti yenye uzi sawa na wa tundu la juu, itoboe katikati, ufunge valvu ya tairi. Ziba tundu la chini, pampu kwa pampu ya baiskeli yenye geji, usipite psi 10 maana ukizidisha utang'oa sili iliyo nzima, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke. Zamisha mguu kwenye pipa la maji. Mapovu yatakuonyesha pa kwenda: shafti ya propela, fimbo ya gia, shafti ya juu, au skrubu zenyewe. Usizidharau skrubu. Zile washa zake, vipete vinavyokaa chini ya skrubu, zikichoka zinavujisha kama sili.

Mwana Kibirizi
Mapovu yametoka nyuma ya propela tu, mfululizo. Nimetoa koti pini inayozuia nati isifunguke, nati yenyewe na propela. Wakuu, kuna mshipi! Nailoni ya nyavu imejiviringisha kwenye shafti mpaka imekaza kama pete, nimeikata kwa wembe. Midomo ya sili imeliwa upande mmoja.

Mchuuzi wa Migebuka
Nyavu zilizotupwa hizo. Vipande vinaelea kila mahali.

Fundi Katonga
Umempata mwizi. Sasa toa kile kikombe kinachoshika beringi na sili. Ukikuta visahani vyembamba, vipange kama vilivyokuwa, ndivyo vinavyopanga gia. Piga picha sili zinaelekea wapi kabla ya kuzing'oa, na nenda dukani na namba iliyoandikwa kwenye mpira. Nunua na oringi ya kikombe, ile pete ya mpira inayokizunguka. Kisha pitisha ukucha kwenye shafti. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, sili mpya itakatika pia.

Mwana Kibirizi
Ukucha unakwaruza kidogo ila haukwami.

Fundi Katonga
Basi sugua taratibu kwa msasa laini kuzunguka shafti, usisugue kwa urefu. Paka sili grisi midomoni, izamishe sawasawa kwa kipande cha bomba, usigonge upande mmoja. Oili mpya ijaze kwa tundu la chini mpaka itokee juu bila mapovu, funga ya juu kwanza, halafu ya chini upesi. Kwenye skrubu weka washa mpya, zote mbili.

Mchuuzi wa Migebuka
Na ile oili chafu usimwage mchangani, mwanangu. Sisi ndio tunaoanika dagaa hapo.

Mwana Kibirizi
Iko kwenye dumu, mama, naipeleka gereji ya Mwanga, hapahapa Kigoma.

Mrejesho: nimepima upepo tena, geji imetulia robo saa. Nimekwenda Mwamgongo na kurudi mara tatu kwa mililita 400, baada ya kuhakikisha kwenye kibandiko. Moshi umepungua, na oili ya gia nikiichungulia ni safi. Boksi la jana usiku lina matone mawili meusi ya moshi, basi. Kila jioni navua propela naangalia mshipi. Leo nimetoa kipande kirefu kama kidole.