Mtoto wa miezi 9 alikuwa akilala hadi alfajiri, tangu apone kikohozi anaamka kila baada ya saa moja na nusu

BabaWaTabata
Wakuu, habari za jioni. Mtoto wetu ana miezi 9. Alikuwa analala saa 2 usiku mpaka saa 11 alfajiri, ananyonya mara moja tu katikati. Akashikwa na mafua na kikohozi, mama yake akawa anampa ziwa kila akishtuka. Kikohozi kimeisha, lakini kuamka kumebaki: saa 4, saa 5 na nusu, saa 7, na halali tena bila ziwa. Mchana analala mara tatu, ya mwisho ni saa 11 jioni. Mama yake yuko kazini mchana, mtoto anabaki na bibi. Tuanzie wapi?

Nesi_Kliniki
Mkuu, kwanza hakikisheni ugonjwa umeisha kweli. Baada ya mafua, sikio huweza kubaki na maambukizi. Mtoto wa namna hiyo hulia zaidi akilazwa kuliko akishikwa wima, hulivuta sikio, au hunyonya kidogo na kuachia kwa kilio. Joto la kwapani likifika 37.5 mpelekeni kituoni apimwe malaria na aangaliwe masikio. Hakuna mbinu ya usingizi itakayomlaza mtoto anayeumwa.

Pili, tazameni kadi ya kliniki. Kama uzito umeshuka au mstari umelala tangu augue, msimpunguzie ziwa la usiku kwa sasa. Mwongezeeni mlo mmoja kwa siku kwa wiki 2, kisha mpimeni tena.

Kama yote yako sawa, yamebaki mazoea. Usingizi wa mtoto huenda kwa mizunguko ya takriban saa moja, na mwisho wa kila mzunguko hushtuka kidogo. Aliyelala na ziwa mdomoni akishtuka na kukuta halipo, ataliita. Namna ya kutofautisha na njaa: sikilizeni anavyonyonya. Akimeza mfululizo kwa dakika 8 au 10, ana njaa. Akivuta mara chache halafu anashikilia tu chuchu, hilo si suala la tumbo. Muulizeni na bibi mtoto anakunywa maziwa kiasi gani mchana, maana wapo wanaokataa kikombe mama akiwa kazini na kufidia usiku kucha.

Mlezi_Kitandani
Nakubaliana na nesi, ila mimi ningeanza na ule usingizi wa saa 11 jioni. Huo ndio unaokula usiku wenu. Umri huu wengi wanahama kutoka kulala mara tatu mchana kwenda mara mbili. Mfano wa siku: kuamka saa 12:30 asubuhi, usingizi wa kwanza saa 3:30, wa pili kuanzia saa 8 mchana na usivuke saa 9:30, kitandani saa 1 usiku. Siku akilala vibaya mchana, mlazeni saa 12:30 jioni. Kumchelewesha ili achoke sana ni kosa la kawaida. Aliyechoka kupita kiasi hugoma kulala, na akilala hushtukashtuka.

Usiku fuateni mpangilio uleule: ziwa kwanza, taa ikiwa inawaka, liishe nusu saa kabla ya kulala. Halafu kuoga, nepi kavu, chandarua, wimbo mmoja, taa inazimwa. Alazwe akiwa na usingizi lakini macho yako wazi. Hapo ndipo kazi yote ilipo, mengine ni mapambo. Akilia, kaeni karibu, mkono kifuani, sauti ya chini. Akizidiwa mbebeni atulie, kisha mrudisheni kabla hajalala. Kila baada ya usiku 2 au 3 punguzeni msaada: mkono utoke, kisha kiti kisogee mbali.

Kuhusu kunyonya, bakisheni mara moja, baada ya saa 8 usiku. Zile mara nyingine za kunyonya, hesabuni dakika mnazotumia sasa, kateni 2 kila baada ya usiku 2. Zikifika 4, acheni, na baba ndiye aitike. Mama matiti yakijaa akamue kidogo tu, ya kupunguza maumivu. Akikamua yote mwili utaendelea kutengeneza mengi.

Usiku wa pili hadi wa nne kilio huweza kuzidi cha usiku wa kwanza. Wengi hulegea hapo. Mkimpa ziwa baada ya kulia dakika 40, amejifunza kwamba dakika 40 zinalipa.

LisheKwanza
Nyongeza ya chakula. Miezi 9 hadi 11 ni milo 3 au 4 kwa siku, kila mmoja nusu kikombe cha ml 250, na vitafunwa mara 1 au 2. Uji mwepesi hujaza tumbo maji. Unatakiwa ukae kwenye kijiko bila kuchuruzika, na uongezewe siagi ya karanga au mafuta kidogo. Wekeni maini, dagaa waliosagwa au nyama. Upungufu wa madini ya chuma nao huvuruga usingizi. Chai ya rangi hapana, inazuia chuma kufyonzwa.

Na tafadhali: uji usiwekwe kwenye chupa, unaweza kumpalia. Asali hapana kabla ya mwaka 1. Piriton (dawa ya mzio) si dawa ya kumlaza mtoto, hata kama jirani anaisifia, inaweza kumlevya hadi kuathiri upumuaji.

BabaWaTabata
Shukrani sana. Mawili tu: bibi akisikia kilio anakuja kumchukua, na sisi tunalala naye chandarua kimoja. Lazima atengwe?

Nesi_Kliniki
Si lazima. Godoro lake dogo, gumu kiasi, pembeni ya kitanda chenu na chandarua chake kilichochomekwa vizuri, linatosha. Asiwe na mto wala blanketi zito, alazwe chali. Kwa joto la Dar nguo moja nyepesi inatosha. Mguseni shingoni kwa nyuma, kukiwa na jasho amevikwa kupita kiasi.

Bibi msimfungie mlango, mpeni kazi. Usingizi wa asubuhi amlaze kitandani badala ya mgongoni, kwa wimbo uleule wa usiku. Usiku, mama ahamie chumbani kwa bibi kwa siku 4 hivi, baba abaki na mtoto. Ukifika muda wa ile zamu ya kunyonya ya saa 8, mama aitwe. Mkubaliane mapema kuwa anaitika mtu mmoja tu.

Homa ikirudi katikati ya zoezi, simamisheni na anyonye atakavyo. Mtaendelea mlipoishia akimaliza usiku 2 au 3 bila homa.